Kibuyu cha Chifu Asiyejulikana

Nianze na waliokuwepo, asije mtu akasema nimesengenya watu bila mashahidi. Nilikuwepo mimi. Alikuwepo binti yangu, muuguzi, ndiye aliyenikatia tiketi nikaja Doha kumtembelea. Alikuwepo mjukuu wangu, mtoto wa huyo binti, anayefanya kazi ya kompyuta katika ofisi ambayo kila akijaribu kunieleza inafanya nini huishia kuniambia, "Shosho, wewe jua tu nina kazi." Alikuwepo dereva mmoja wa Mombasa, Mwislamu, si ndugu yetu kwa damu wala kwa kabila wala kwa dini, lakini siku hiyo alikuwa mjomba wa mjukuu wangu, maana wanaume wetu wote wako nyumbani au wako kaburini, na posa haipokewi na wanawake watupu. Hao ndio wa kwetu. Wa kwao alikuwepo kijana mwenyewe, mhandisi. Mama yake, mwenye nyumba. Na kaka wa huyo mama, msimamizi wa walinzi katika hoteli, ambaye siku hiyo ndiye aliyekuwa mzee wa mila. Baba wa kijana hufanya kazi baharini kwenye mambo ya gesi. Yeye alikuwepo ukutani, kwenye picha, katikati ya nyungo mbili.

Majina ya wote hao nayakumbuka, na ya mama zao pia kwa wale walionitajia. Mjukuu wangu amesema nikiandika jina la mtu hata moja atanipokonya kalamu, na kalamu ni yake. Kwa hiyo tutaendelea hivyohivyo, mama wa nani na mjomba wa nani.

Lazima nieleze kwanza habari ya vitambaa, kwa sababu ndivyo vilivyomleta yule mama kwetu kwa moyo mweupe.

Mimi nafuma. Shule niliiacha mapema sana, lakini sindano sikuiacha. Nilipofika Abu Hamour, kwenye nyumba ya binti yangu, nilikuta kochi zake ziko uchi. Zimekaa tu, kijivu, kama kochi za ofisi ya wilaya. Nje jua ni la kukaanga mtu, ndani kiyoyozi kinapuliza baridi kama ya kwetu mwezi wa Julai, sasa mzee afanye nini? Nikatafutiwa uzi, nikafuma. Nikafunika kochi, migongo na mikono yake. Nikafunika televisheni, ikawa na ushungi. Nikafunika friji, mashine ya kufulia, na kile kidude kinachotoa mtandao, ambacho mjukuu alikifunua haraka akidai kinahitaji kupumua.

Binti yangu alirudi kutoka zamu, akasimama mlangoni na viatu vyake vya hospitali mkononi.

"Mama," akasema, "haya mambo ni ya zamani."

Alisema kwa upole, kama anavyomwambia mgonjwa habari mbaya. Kesho yake vitambaa vyote vilikuwa kabatini, vimekunjwa vizuri.  Mtu akikukatia tiketi ya ndege unamvumilia kidogo.

Ndipo yule mama wa kijana akaja kujuana nasi mara ya kwanza. Anaishi Pearl, kile kisiwa walichokitengeneza watu kwa mikono yao kwa sababu visiwa vya Mungu havikutosha, na ana biashara ya kupamba nyumba kwa vitu vilivyotengenezwa kwa mkono, vikuukuu. Yeye huviita vinteji. Nilivyoelewa mimi, vinteji ni kitu ambacho maskini alikitupa na tajiri akakiokota. Alikunywa chai, akaomba kunawa mikono, akapita mlango wa chumba changu, na huko akaniona nimekaa na kitambaa kimoja mapajani, nakimalizia ukingo. Alishika kifua chake. Akaketi kitandani pangu bila kuombwa, akakinyanyua kile kitambaa kwa vidole viwili kama mtu anayeshika kifaranga.

"Mama," akaniambia, "haya mambo ni ya zamani."

Maneno yaleyale. Kwa binti yangu yalikuwa lawama, kwa huyu yalikuwa machozi. Alipoondoka tu, binti yangu akafungua kabati, na kabla ya maji ya chai ya pili kuchemka kochi zote zilikuwa zimevaa. Televisheni nayo ikarudishiwa ushungi wake. Mpaka leo haijavuliwa.

Sasa, posa. Kwetu mwanamume na watu wake ndio huja kwa kina msichana. Wanakuja, wanakohoa mlangoni, wanajifanya wamepotea njia. Lakini sebule ya binti yangu ikikaliwa na watu watano, wa sita inabidi afanye urafiki na friji. Mama wa kijana akasema tufanyie kwake, kuna nafasi, na pia "mandhari inafaa." Hivyo basi tukaipeleka shingo yetu kuposwa kwa gari la kwetu wenyewe. Dereva alicheka njia nzima. "Nyanya," akaniambia, "mimi kwetu Mombasa sijapata kuona kuku anayejipeleka kwa mnunuzi akiwa amevaa mkufu." Mkufu niliuvaa mimi.

Mjukuu wangu hakucheka. Alikaa nyuma, amekumbatia hotipoti ya uji mapajani, kwa sababu uji wa kunywewa kwenye posa ulipikwa kwetu, ndio sehemu yetu. Usiku uliotangulia alikuwa ameniambia wazi kwamba huyu kijana anampenda, na kwamba alitaka jambo hili lifanyike mimi nikiwa hapa, viza yangu ya matembezi haijaisha, kwa sababu baba yake amekufa na mimi ndiye ninayebaki wa kukipokea kibuyu cha huo uji mkononi mwake. Akaniambia pia kitu kingine kinamsumbua. "Shosho, kwao kila kitu kimepangwa. Naogopa nikiingia pale nitapangwa na mimi."

Nikamwambia aache maneno. Lakini tulipofika ghorofa ile ya juu na mlango ukafunguliwa, nikamwelewa.

Sijui nianzie wapi. Meza ya chai ilikuwa mlango. Mlango mzima wa nakshi, wa pwani, umelazwa chali, umewekewa kioo juu na miguu chini. Dereva wetu alisimama akautazama kama mtu aliyemkuta jirani yake amelala barabarani. "Huu mlango una wenyewe," akaninong'oneza, "wanaingilia wapi sasa?" Nyungo zilikuwa ukutani kwa mstari, kama vyeti vya shule. Viondo vilining'inia darini, kila kimoja na taa tumboni. Jiwe la kusagia mtama, la mama wa mtu, lililosaga mpaka likapata kiuno, lilikuwa chooni limeshika sabuni. Mwiko ulikuwa umewekewa fremu. Mwiko! Nimepigwa kwa mwiko utoto wangu wote sijui kumbe napigwa na sanaa.

Nikaona kigoda cha miguu mitatu pembeni, kizuri, cheusi kwa makalio ya watu wa kale. Magoti yangu yakafurahi. Nilipokuwa ninashuka kukikalia, mama wa kijana akanishika kiwiko.

"Hicho si cha kukalia, mama."

"Ni cha nini?"

"Ni cha kuonekana."

Akaniketisha kwenye kiti cha chuma na kamba, ambacho hakikuwa cha kuonekana wala cha kukalia.

Na juu ya rafu, peke yake, chini ya taa yake yenyewe, kilikuwa kibuyu. Siwezi kusema kilikuwa kibaya. Kilikuwa na shingo ndefu na tumbo la heshima, kimeshonwa kwa ngozi mahali kilipopasuka zamani, na kiling'aa mpaka ukajiona. Mama wa kijana alitueleza kwamba alikinunua Nairobi kwa mzee mmoja anayeuza vitu vya kale, na kwamba kilikuwa cha chifu. Chifu gani, hakuambiwa. Kigoda nacho kilikuwa cha chifu. Fimbo iliyokuwa mlangoni, ya chifu. Nikakaa nikifikiri kwamba machifu wa nchi yetu walikuwa na vyombo vingi sana, na sisi raia sijui tulikuwa tunalia nini na tunakalia nini. Lakini nikasema tu kwamba kinang'aa.

"Nimekiandaa mwenyewe kwa ajili ya leo," akasema, na uso wake ukang'aa pamoja nacho.

Nyumba nzima ilinukia udi. Alikuwa amechoma udi kila pembe, mzito, wa bei, na mimi nilidhani ni kwa heshima yetu. Leo najua udi ule ulikuwa unafunika nini, lakini pale hakuna pua iliyoweza kujua kitu.

Hotipoti yetu ilipokewa jikoni kwa haraka, ikafichwa nyuma ya mlango kwa sababu ilikuwa ya plastiki, rangi ya waridi. Uji ukamiminwa ndani ya kibuyu ukiwa bado unatoa moshi. Kisha tukakaa. Na tukakaa. Kwa sababu mama wa kijana alikuwa anapiga picha. Kibuyu na kijana. Kibuyu na msichana. Kibuyu juu ya mlango. Kibuyu na mimi, na nikaambiwa nisitabasamu, nitazame mbali, kama ninayewaza. Nilikuwa nawaza kweli. Nilikuwa nawaza kwamba uji unapoa.

Hatimaye mjomba wa kijana akasimama. Huyu bwana, tangu aje Doha, amejifunza mila. Hujifunza kwenye simu, zamu za usiku, kutoka kwa wazee wa video. Watu wa kwao nawafahamu, na nawaambieni alipokuwa nyumbani hakujua mbuzi wa posa na mbuzi wa Krismasi wanatofautiana nini. Siku hiyo alikuwa amejitanda shuka jekundu juu ya suti na ameshika ile fimbo ya chifu. Akatuhutubia. Akasema mwacha mila ni mtumwa. Akasema hapa si Kenya lakini damu haina pasipoti. Mwisho akaeleza sheria, na hapo nilikaa sawasawa, kwa sababu hiyo sehemu hakukosea: msichana ataulizwa kama anawajua watu hawa na kama anamtaka huyu mtu. Hatajibu kwa mdomo. Atachukua kibuyu anywe, ampe mzee wake anywe, kisha ampe mwanamume. Akinywa, amekubali. Akikirudisha au akitema, amekataa, wageni wainuke waende zao na wasirudi kuuliza tena.

"Wasirudi tena," akarudia, akaigonga fimbo chini. Mama wa kijana akamwomba asigonge, sakafu ni ya mbao ya meli ya zamani.

Mjukuu wangu akaulizwa. Akasimama ukingoni mwa zulia, na hilo zulia nililisahau: lilikuwa la Kiajemi, limefumwa kwa mkono, jekundu na buluu, tuliambiwa tangu mlangoni tulikanyage pembeni pembeni. Akapokea kibuyu kwa mikono miwili. Alikuwa mzuri, hata mimi niliona, na mimi si mtu wa kusifia wangu. Akamtazama kijana, kijana akamtazama. Mama wa kijana akainua simu. Msichana akainamisha kibuyu, akanywa.

Mashavu yake yakajaa. Macho yakafunguka. Kisha akatema. Hakutema kidogo, kwenye kiganja, kama mtu wa mjini. Alitema kama ng'ombe anavyotema dawa ya minyoo, wote, mbele, juu ya zulia.



Mtu wa kwanza kusema alikuwa mama wa kijana. Alisema, taratibu, "Zulia langu." Na macho yake yalikwenda kwenye zulia kwanza, yakakaa hapo, ndipo yakapanda kwa msichana. Hilo tuliliona wote na kila mtu akaliweka mfukoni mwake.

Mtu wa pili alikuwa mjomba. Alisema, "Ametema."

Dereva wetu ni mtu mwepesi. Ndiyo maana anaendesha gari mji huu na hajapata kugongwa. Akainuka mara moja. "Amepaliwa, mzee wangu. Mtoto amepaliwa. Uji ni moto, wallahi hata mimi ningepaliwa."

Kila mtu akalirukia neno hilo kama kamba ya kisima. Binti yangu akasema ndiyo, amepaliwa, tangu utotoni ana koo jembamba. Mama wa kijana naye, jicho kwenye zulia, akasema ndiyo, amepaliwa. Hata mimi nilifungua kinywa niseme nimesikia kikohozi. Mjomba akasita. Akashika kidevu. Ilionekana wazee wa video walikuwa na nafasi kwa waliopaliwa.

Mjukuu wangu akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono.

"Sijapaliwa," akasema. "Nimeutema. Nimetema uji. Yeye sijamtema."

 Nilijua alikuwa amekataa kamba aliyotupiwa, na nilijua kwa nini: aliona akianza na uongo mdogo wa kupendeza katika nyumba ile, atakaa rafuni humo maisha yake yote. Lakini nilimwonea huruma, maana mjomba alikuwa tayari anatikisa kichwa. Akasema siku kama hii uji na mtu ni kitu kimoja. Akasema yeye hakuzitunga hizi sheria. Akasema inamuuma, kijana ni wa dada yake, lakini aliyetema amekataa, na wageni, yaani sisi, tunaombwa tuinuke. Binti yangu akaanza kweli kutafuta mkoba wake. Kijana alikuwa amepauka kama unga. Akavuka zulia, akalikanyaga katikati, akakichukua kibuyu mkononi mwa mjukuu wangu, akasimama kando yake.

"Mjomba," akasema, "basi andika na mimi nimekataa huo uji."

"Wewe hujaonja."

"Nimemwona yeye."

Nikaona hapa tutalala. Nikanyanyuka kutoka kwenye kile kiti cha kamba, na kilinishika nguo kwa nyuma, nikajivuta. Nikachukua kibuyu kwa kijana, nikampelekea mjomba.

"Mzee," nikamwambia, "sisi ni watu wa nyuma, hata kumeza hatujui. Onja wewe utuonyeshe."

Alinitazama. Alitazama dada yake. Mtu aliyejitanda shuka jekundu na kushika fimbo ya chifu hawezi kumwambia bibi kizee kwamba anaogopa uji. Akakipokea, akakiinua juu kama alivyoona kwenye simu, akapiga funda la kiume.

Huyo alijaribu, nimpe haki yake. Alisimama nao kinywani muda. Shingo ilipanda, ikashuka, ikapanda. Machozi yakamtoka. Kisha akageuka akakimbia, na kwa kuwa choo kilikuwa mbali, aliutemea ndani ya mtungi mmoja mkubwa uliojaa maua makavu.

Nikasubiri amalize kukohoa.

"Na wewe," nikamwuliza, "umemkataa nani?"

Dereva alitoka nje kwenye kibaraza, akajifanya anapokea simu. Mabega yake yalikuwa yanaruka.

Kijana ndiye aliyemwuliza mama yake. Hakupandisha sauti. "Mama, ndani umepaka nini?"

 Mama akasema kwa sauti ndogo kwamba ni vanishi, ile rangi ya kung'arishia mbao. Kidogo tu. Nje aliipaka kila mara, lakini safari hii aliona kinywa cha kibuyu kikipigwa picha kwa juu kinaonekana cheusi, hakipendezi, akapaka na ndani. Jana. Ndiyo sababu ya ule udi, kufunika harufu. Kwa hiyo uji wetu wa moto ulikaa ndani ya rangi mbichi muda wote tulipokuwa tunatazama mbali kama tunaowaza.

Binti yangu pale pale akageuka muuguzi. Akataka kuona kopo. Akalisoma mbele na nyuma. Akawapeleka waliotema kusukutua, mmoja baada ya mwingine, mjomba akiwa bado na shuka lake, na akamwambia mwenye nyumba, kwa sauti ileile ya upole ya habari mbaya, kwamba tumshukuru Mungu hao wawili wametema. Sijawahi kumpenda binti yangu kama siku ile, na ndiye aliyewahi kunifungia vitambaa vyangu kabatini.

Mjomba aliporudi, ndevu zina maji, akasema kwamba mila inaruhusu jambo kurudiwa kama chombo kimeharibika. Sijui aliipata video hiyo lini. Nadhani aliipata bafuni.

Uji mwingine ulikuwepo kwenye hotipoti. Ila sasa tunywee nini? Nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa watu hudhani natia chumvi. Katika nyumba ile hamkuwa na kikombe. Vikombe vya kila siku, vya kawaida, mama alikuwa amevihamishia stoo ya chini ili jikoni paonekane pa kale, na ufunguo alikuwa nao msaidizi wake, na ilikuwa Ijumaa, msaidizi yuko mapumzikoni Muaither kwa rafiki zake. Glasi zilikuwa zimetiwa mchanga na mishumaa. Vikombe vya bati vilikuwa ukutani, vimegongomewa misumari. Vifinjani vya kahawa, vizuri sana, nikajaribu kukinyanyua kimoja nikanyanyua na sinia: vilikuwa vimegandishwa kwa gundi.

"Visianguke," mama wa kijana akaeleza.

Dereva akasema, khalas, basi, nipeni dakika. Akashuka kwenye gari, akarudi na vikombe vya karatasi, vile vya karak, chai ya maziwa ya huku, vipya, anavyopewa kwenye kibanda anaponunua kila siku. Mjukuu wangu akajimiminia kimoja yeye mwenyewe. Hakuna aliyempiga picha. Alikunywa, akameza, sote tukamtazama koo likishuka. Akaniletea mimi kwa magoti yaliyokunjwa kidogo, kama inavyotakiwa, nikanywa. Sukari haikutosha, nilimwambia binti yangu tangu asubuhi. Kisha akampelekea kijana, na kijana akamaliza mpaka akakigonga kitako cha kikombe kwa kiganja. Mjomba akatangaza kwamba msichana amekubali. Alitangaza kwa kifupi sana, na fimbo alikuwa ameiacha bafuni.

Baadaye nilimkuta mama wa kijana amepiga magoti, anasugua zulia kwa maji ya vuguvugu. Nikachuchumaa naye, si kwa wema, ni kwa sababu alikuwa anasugua vibaya. Akasema bila kunitazama kwamba nyumbani kwao kulikuwa na kibuyu kama kile. Kulikuwa na nyungo, na kigoda, na kila kitu. Mama yake alipookoka, wahubiri walisema vyombo vya pombe ni vya shetani, akavitoa vyote uani akaviwasha moto, na yeye akiwa mtoto alisimama akaona kibuyu kinapasuka. "Kililia kama risasi," akasema. Akasema tangu apate uwezo wake amekuwa akinunua.

Nilimhurumia. Nilimhurumia mpaka tulipofika kwenye doa la pili, ndipo akaniuliza kama ningeweza kumfumia vitambaa vinavyofanana na vya zamani lakini vipya, halafu vichovywe kwenye chai ili vionekane vimechakaa. Nikamwambia vyangu vikitumiwa na watoto wake vitachakaa bila chai.

Mjukuu wangu na huyo kijana wamechumbiana sawasawa, na harusi itakuwa nyumbani, kanisani kwetu. Kabla hatujaondoka Pearl siku ile aliweka sharti moja, mbele ya mama mkwe wake, kwa adabu, mikono nyuma: siku ya harusi, kila kitakachowekwa mezani kiwe kinafanya kazi yake. Mama mkwe akakubali. Alikubali baada ya kufikiri kidogo, kama mtu aliyeombwa atoe kiungo. Siku hizi hunipigia simu mwenyewe, bila kupitia kwa mwanawe, na juzi aliniuliza kibuyu kilichoingia vanishi kinaweza kusafishwa vipi. Nikamwambia kile kirudi rafuni kikaonekane, akitaka cha kunywea apande mbegu za kibuyu.

Hayo ndiyo ninayoyakumbuka. Inawezekana nimekosea mahali. Dereva anasema shuka la mjomba lilikuwa la buluu, na binti yangu anashikilia kwamba ni yeye aliyesema kwanza turudie, si mjomba. Video ingetuamua, lakini mwenye simu ameifuta. Kwa hiyo uliyekuwepo, na unajua jina lako, ukiona nimekusingizia, njoo uniambie, kalamu ningali nayo, nitarekebisha. Rangi ya shuka nitabadilisha. Aliyesema kwanza nitabadilisha. Lakini asije mtu kuniambia kwamba yule msichana alipaliwa.